Picha Mbichi ya Mama Nyariek

Risala ya Kikundi cha Wakaanga Picha wa Munuki kwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wa Mawasiliano wa shirika la misaada. Juba, Februari 2010.

Mgeni rasmi, kabla hujaona kibao chetu wala uso wa yeyote kati yetu, ulisikia jenereta. Ulipokuwa bado kwenye kona ya bodaboda ilikuwa inakohoa, na sasa umeketi kiti cha mbele na bado inakohoa. Msaidizi wako ametuomba mara mbili tuizime ili risala isikike. Tuwie radhi, haitazimwa. Sababu tutaisema kabla hatujakaa.

Karibu Munuki. Tumeandika kwa Kiswahili kwa kuwa tuliambiwa wewe ni mtu wa Kitale, na kwa kuwa kati yetu yupo wa Gulu, yupo wa Garissa, na wapo waliokipata Kiswahili kambini Kakuma, kama Agum, katibu wenu anayesoma. Tunakukaribisha kwa mikono miwili. Macho nayo tumeyaacha wazi, yote mawili.

TULIKOTOKA

Tulianza mwaka 2007, miaka miwili baada ya mkataba wa amani, tukiwa na kamera moja ya dada yetu Anyieth na dishi la intaneti la ndugu yetu Gabow. Mashirika yalitaka picha za Juba za kuweka kwenye tovuti zao, na sisi tulikuwa na Juba yenyewe.

Picha ikitoka kwenye kamera ikiwa mbichi, yaani ikiwa na kila kitu ambacho kamera iliona, ina uzito wa mega kumi na nne. Kwa dishi la Gabow hiyo ni kazi ya saa nzima, na mvua ikinyesha ni kazi ya kuomba Mungu. Kwa hiyo tunaibana hadi kilobaiti tisini. Kazi hiyo tunaiita kukaanga, na ndiyo iliyotupa jina. Mbichi inaingia, iliyokaangwa inatoka, nyepesi kubeba. Lakini samaki aliyekaangwa harudi mtoni akaogelea. Ndiyo maana mbichi hatuitupi kamwe.

TUNAYOJIVUNIA

Hatutajificha nyuma ya unyenyekevu. Jua la Juba ni jeupe na sisi ni weusi. Kamera ikiachwa ijiamulie, hutugeuza makaa yenye meno. Sisi tumejifunza wenyewe, bila mwalimu, kuufungua uso katika picha mbichi mpaka jicho lionekane na chale za kipaji cha uso zihesabike, ndipo tunabana. Na tunajua pa kuacha. Ukibana kupita kiasi, shavu la mtu huvunjika vigae kama sakafu ya choo. Hakuna shavu lililovunjika mikononi mwetu.

YANAYOTUTIA SHAKA

Mwezi Juni mwaka jana, Anyieth alimpiga picha Mama Nyariek, muuza chai wa hapa kwenye kona. Katika picha mbichi, mama amekaa mbele ya jiko, vikombe thelathini vimepangwa mbele yake, na kulia amesimama mumewe Bol, birika mkono mmoja, mkono mwingine begani mwa mkewe. Dada yetu Josline akaandika maelezo ndani ya faili: Nyariek, muuza chai, na mumewe Bol, Munuki, picha ya Anyieth. Tukaikaanga, tukaituma kwa shirika lako.

Mwezi Oktoba picha ikatokea kwenye tovuti yenu. Vikombe havipo. Birika halipo. Bol hayupo, amebaki kidole gumba chake tu, begani mwa mama, kama kidole cha mzimu. Na chini yake pameandikwa: Mjane wa vita akisubiri chakula.

Mgeni rasmi, alikuwa akisubiri maji yachemke.

Aliyeiona kwanza ni dereva mmoja wa bodaboda pale kwenye intaneti ya Gabow. Kesho yake asubuhi kona nzima ilikuwa inamngoja mama. "Pole na msiba, mama mjane! Matanga ni lini?" Na kwa mumewe: "Bol, kumbe hata maiti inaweka sukari vijiko vinne!" Wakacheka, naye Bol akacheka. Lakini habari ilisafiri bila yeye. Ndugu yake alipiga simu kutoka Malakal akilia, akiuliza achinje ng'ombe yupi. Hapo Bol aliacha kucheka.

Mama Nyariek alikuja mlangoni petu na mwiko mkononi. "Nyinyi watu ya picha! Bwana yangu iko hapa, iko nakula kisra sahani mbili. Nani amemuzika?"

Tulitafuta kosa, na la kwanza tulilikuta kwetu. Katika programu ya kubana kuna kisanduku kidogo. Ukikitia alama ya vema, kila kilichoandikwa ndani ya picha hutupwa, ili iwe nyepesi zaidi. Sisi ndio tulikitia alama. Kwa kilobaiti nane tulitupa jina la mama, jina la mumewe na jina la Anyieth. Tulikwenda kumwomba radhi. Alitusikiliza, akamimina chai, akasema: "Nyinyi mulikata jina. Wao walikata bwana."

Hatujapata maneno mazuri kuliko hayo, na katibu wenu huyu hujiona mtunzi.

Tuliandikia ofisi yako barua tatu. Hazikujibiwa. Mwezi huu ikaja barua yako ya kwanza: kwamba utatutembelea, utatupa cheti cha shukrani, na sisi tutakukabidhi diski yenye picha zote mbichi "kwa ajili ya usalama," kisha tufute nakala zilizobaki. Tumejiuliza: usalama wa nani? Kitu kilichokaa Munuki miaka mitatu kimeanza lini kuwa hatarini? Na leo dereva wako ameteremka na sanduku tupu lenye kufuli, akauliza diski iko chumba gani kabla hajasema salamu. Hapa kwetu hata anayekuja kukamata mtu husalimia kwanza.

TUNAYOOMBA

Mgeni rasmi, hatuombi kamera, wala kompyuta, wala jenereta mpya, ingawa umesikia hii ilivyo. Tunaomba Bol arudishwe kwenye picha. Tunaomba pale chini paandikwe Josline alivyoandika. Na tunaomba utazame kikombe ulichoshika.

Chai hiyo, ambayo umeongezewa mara ya pili, imepikwa na mjane yule. Yuko pale nyuma, mwenye kitambaa cha kijani. Na mwanaume mrefu aliyekuletea kikombe, ukamwambia asante sana mzee, ndiye marehemu.

Katibu ameomba aruhusiwe ubeti mmoja, nasi tumemruhusu:

Mbichi tumeihifadhi, ndani mna jina letu,
Si mali ya kukabidhi, hata kwa mgeni wetu,
Mama chai ana hadhi, asikatwe kama kitu,
Tumuombe kwanza radhi, ndipo tunywe chai yetu.

Sasa jenereta. Haikuzimwa kwa sababu tangu alfajiri kompyuta ya Josline inanakili diski ile. Nakala moja imekwisha kutoka Munuki asubuhi, na ya pili inamalizika tunaposoma. Ziendako hatutasema mbele ya sanduku lile. Cheti chako tutakipokea kwa heshima, mikono miwili, siku Bol atakapoonekana kwenye tovuti mzima mzima, si kidole.

Mungu akubariki, mgeni rasmi, akurudishe salama kwa watu wako, nao wakuone kamili bila kupunguzwa.

Neno la mwisho si lako. Mama Nyariek, simama tukuone. Baba Bol, simama naye. Sisi Wakaanga Picha wa Munuki, mbele ya mgeni huyu na mbele ya kona nzima iliyokucheka, tunakuahidi kwa sauti: kisanduku kile hatutakitia alama tena, na picha yako mbichi, yenye vikombe vyote thelathini na mumeo kulia kwako, haitakabidhiwa kwa mtu yeyote ila wewe.