Mwalimu Rhoda na Kinu cha Darasani

Miaka thelathini na mitatu ya ualimu si mchezo. Tarehe 30 Juni Mwalimu Rhoda Singano anastaafu, nasi wa kitengo cha elimu maalumu hapa Handeni tunacheka huku roho zinatuuma.

Alizaliwa Kwashemshi, akaanza kazi Korogwe mjini, kisha akahamia kwetu. Tulimtania kwamba Msambaa hataliweza joto la Uziguani. Ameliweza, na Kizigua anakisema, ingawa vibaya mno.

Asubuhi moja aliingia darasani na kinu na michi miwili. Mwalimu mkuu akadhani anatwanga mahindi ya makande kipindini. Kumbe anafundisha mapigo! Wengi wa watoto wetu wenye ulemavu wa akili huchelewa kuyashika. Wimbo ukiimbwa, makofi yao huja nyuma. Sisi tulikuwa tukiwahimiza waharakishe. Yeye alisema mtoto hakimbizwi: kwanza ufuate mwendo wake, akishakuzoea ndipo umvute polepole.

Fatu wa Sindeni alichekwa mstarini kwa makofi yake, hadi mama yake, Bi Maryamu, akaja kumtoa shule. Heri akae nyumbani, alisema, kuliko kudhalilishwa. Mwalimu Rhoda akamsihi amwachie mpaka likizo.

Basi kila siku wakasimama kinuni wawili hao. Fatu akishusha mchi, mwalimu anamjibu. Michi iligongana, vidole vya mwalimu vikavimba, naye wala hakununa. Likizo ilikuwa imekaribia siku tuliyoacha kusikia michi ikigongana. Tukatoka kuchungulia: mmoja unapanda, mmoja unashuka, raha tupu.

Nyumbani, Fatu alimkuta mama yake akitwanga, akachukua mchi wa pili bila kuambiwa. Bi Maryamu alitusimulia kwamba alilia huku anatwanga, akiogopa kusimama asije akamvuruga mwanawe. Shule ilipofunguliwa, alimleta mwenyewe, tena mapema.

Ahsante sana, Mwalimu Rhoda. Umetufundisha kumngoja mtoto, na wanafunzi wagumu tulikuwa sisi.

Kisamvu cha kukuaga walikitwanga Fatu na mama yake. Ulipoinuka kwenda kuwasaidia, Fatu alikuzuia: "Kaa, Mwalimu. Tunaweza."

Basi kaa, mama yetu. Ule ushibe, upumzike kwa mwendo wako, na Mungu akujalie uzee wenye afya na furaha.