Soksi Juu ya Kamera

Natangaza rasmi kwamba mwanafunzi wa bweni aliyelelewa vizuri hasikilizi mazungumzo ya watu. Lakini basi la Hereford lilikuwa kimya, na bibi aliyekaa mbele yangu alikuwa akimpungia barua ya faini jirani yake wa kiti, mzee wa kofia asiyemjua kabisa.

"Pauni sabini! Eti niliegesha gari pale supamaketi kwa muda wa saa nane, na mwisho ni dakika tisini. Mimi nilifuata mkate asubuhi, nikarudi nyumbani, jioni nikafuata maziwa."

"Kamera haidanganyi, bibie."

"Lakini hufumbwa jicho! Iliniona naingia asubuhi, ikaniona natoka jioni. Katikati ya hapo kuna mhuni aliivika soksi, haikuona kitu."

"Visingizio! Ushahidi uko wapi?"

"Huu hapa. Mlinzi wa pale aliivua akanipa, na leo ndiyo siku ya mwisho ya rufaa." Akachomoa soksi mkobani. Mzee akaziba pua, na sikuweza kumlaumu.

"Tena ina jina," bibi akasema. "R. Oddie."

Shuleni kwetu kila nguo hushonewa jina, isipotee kwa dobi. Mama, kwa bidii yake, alilishona hata kwenye begi langu, na mzee alikuwa ameshaligeukia.

"R ni ya Roland?" akauliza.

"Rufus," nikajibu. "Ni mimi, bibi. Nilidhani kamera itapiga chafya kwa harufu yake."

Basi likasimama mbele ya supamaketi. Mzee bado alinung'unika kwamba sheria ni sheria. Bibi alikuwa ameshanishika mkono.

"Shuka, shahidi wangu."