Mwatizama Nani Mukianza?

Baraza ya Fadhil Birika, muuza kahawa, pale kichochoro cha Amu kinapopinda kuelekea mtaa wa Wiyoni, si kubwa; wanne wakikaa, wa tano hubaki na nusu. Siku hiyo, alasiri ikikaribia, ilikaliwa na kikundi cha taarabu cha mtaa, watu wenye kazi zao za mchana wanaopiga muziki kwa mapenzi tu. Idarus, fundi wa kanzu, aliketi pembeni, fidla mapajani, kahawa imepoa mkononi. Alikuwa na hofu, tena si hofu ya bure. Baada ya sala ya alasiri wangepiga kwenye harusi ya Aaliya, mtoto wa dadake. Na jana kwenye mazoezi nyumbani kwa dadake, wimbo wa kwanza ulisambaratika mara tatu. Bwana Hamdu, aliyeshika fidla miaka ishirini, amehamia Mombasa kwa mwanawe, na nafasi yake, pamoja na fidla, kapewa Idarus.

— Ni umande, alisema Mahdi Msumari, fundi wa milango na mpiga dumbaki. Nyuzi za fidla zimenwa mai, zimelegea. Ndio wazee wakanena, maji yakimwagika hayazoleki.

— Hayo yahusu nini na fidla?

— Yahusu mai.

Jeilani Redio, mkubwa wao, mpiga kodiani, hakuwahi kuacha neno lipite bila lake.

— Umande wapi! Ni hasidi. Picha yetu imezungushwa WhatsApp muyi mzima, mwataka tusipatwe na jicho?

— Zii, wazee, alidakia Fahmi Waya, kijana wa kufunga umeme na mpiga kinanda. Hiyo ni stima. Inapanda inashuka, ikiingia kwa spika inavuta wimbo mbele, nyinyi mnabaki nyuma.

— Fidla haina stima, Fahmi.

— Lakini si Bwana Idarus alikuwa amesimama karibu na soketi?

— Basi ni jini wa fidla, alikata Jeilani. Miaka ishirini amezoea mkono wa Hamdu. Sasa aona mkono mwingine, asusa. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Idarus alitamani kuwaambia si jini wala soketi, ni yeye. Badala yake akapiga funda la kahawa baridi. Akilini alimwona Aaliya kwenye kiti chake, wageni wa Kizingitini, upande wa babake, wamejaa uani, kila mkono na simu juu. Kufikia isha, Amu nzima ingekuwa imeshacheka. Lau bibi harusi angekuwa wa watu wengine, Idarus angesingizia homa akalala.

Hapo akatokea Bi Hadia, shangazi wa bibi harusi, aliyefika juzi kutoka Kizingitini kusaidia mapishi.

— Asalaam aleikum.

— Waaleikum salaam, Bi Hadia. Karibu.

— Nimekuya kuuliza mikeka yenu iwekwe wapi. Na la pili, yana nalikuwa jikoni nawasikia. Kila mmoya akiingia kwa wakati wake. Mwatizama nani mukianza?

Mahdi akacheka.

— Swali gani hilo, Bi? Mimi namtizama Fahmi.

— Mimi? Fahmi alishtuka. Mimi naangalia Mzee Jeilani. Siwezi kumtangulia mzee.

— Nami, Jeilani alisema polepole, kwa adabu, namngoja wa fidla. Ndiye aliyewekwa mbee.

Vichwa vyote vikamgeukia Idarus.

— Nawe, Bwana Idarus? aliuliza Bi Hadia.

— Mimi nafumba mato.

— Wayafumba?

— Tangu nipowe nafasi ya Hamdu. Nikiwaona watu, wimbo wanipotea.

Fadhil alisimama na birika lake bila kummiminia mtu.

— Na yeo utayafumba? aliuliza Bi Hadia.

Idarus aliinua uso, akawatazama mmoja mmoja watatu waliokuwa wakimngoja, na msikitini wakaanza kuadhini alasiri.