Kura Tatu za Msumari

Kijiwe chetu kiko dampo, na usicheke. Hapa Tarbell, New Hampshire, gari la taka halipiti nyumba kwa nyumba. Kila Jumamosi asubuhi kila mtu, awe daktari awe mlevi, anabeba mifuko yake mwenyewe, na ndiyo maana mwanasiasa anayetaka kura anakuja kushikana mikono na watu mbele ya kontena la chupa. Benchi letu liko kando ya banda la vitu vya bure. Mguu wake mmoja umevunjika, tumeuwekea tofali. Tunakaa wanne: Profesa, aliyeendesha basi la shule miaka thelathini na sasa anasahihisha dunia nzima, pamoja na mbwa wake Duchess chini ya miguu, Shabaha, mwindaji ambaye kulungu wa msitu huu wanamfahamu na hawamwogopi, Dot, mwenye chupa ya kahawa na donati, kwa hiyo mwenye kikao, na mimi, ambaye tangu Jumanne naitwa Bango. Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya nne baada ya uchaguzi mkuu wa Bunge la jimbo, na hakuna aliyesalimia. Msumari, mgombea wetu, alikuwa ameshindwa kwa kura tatu.

PROFESA: Tatu! Mia sita na kumi na moja kwa mia sita na nane. Hapo pana mkono wa mtu.

DOT: Mkono wa mtu lazima uwepo, Profesa. Kura haijipigi.

SHABAHA: Dada Dot, mimina kwanza. Mambo haya hayaliki makavu.

DOT: Nimeshaandika barua ya kuomba kura zihesabiwe upya. Hii hapa. Msumari akija atie saini tu.

MIMI: Atatia?

DOT: Tutamshikilia mkono. Sisi si ndio tuliomwingiza?

Hilo ni kweli, na aibu yake tunagawana. Mbunge wa Bunge la jimbo analipwa dola mia moja kwa mwaka, mwaka mzima nasema, na wabunge wako mia nne. Kwa bei hiyo, mwaka huu Chama cha Tembo kilipata wagombea watatu, na Chama cha Punda hakikupata hata mmoja. Lakini karatasi ya mchujo, ile ya kuteua mgombea wa chama, ina mstari mtupu chini, kwa anayetaka kuandika jina kwa mkono. Mwezi wa tisa, sisi wanne, kwenye benchi hilihili, tulikubaliana kuandika Armand Pelkey. Armand ndiye Msumari, mzee anayetengeneza viti vibovu kwenye banda la vitu vya bure, mtu ambaye akisema maneno kumi kwa wiki hiyo wiki ilikuwa na msiba. Tulicheka mpaka Duchess akabweka. Walioandika jina lake walitokea kumi na saba, na kwa kura kumi na saba Msumari akawa mgombea wa Punda.

SHABAHA: Nilidhani atakataa.

PROFESA: Nani akatae? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

DOT: Hiyo methali inaingia wapi hapo?

PROFESA: Inaingia. Ngoja itulie.

MIMI: Alikubali kwa ajili ya daraja.

Nilipotaja daraja wote tukanywa kahawa. Jimbo lilifunga daraja la Cold Brook miaka miwili iliyopita, likaweka mawe mawili na kibao, likasahau. Ng'ambo, ukitupa jiwe kwa nguvu unafikisha, ndiko iliko nyumba ya wazee anakolala Lorraine, mke wa Msumari. Zamani Msumari alivuka kwa miguu kila adhuhuri na supu kwenye kopo. Sasa anazunguka maili ishirini na nne kwa gari, na theluji ikianguka haendi. Lorraine akili inamtoka. Asipomwona siku mbili, siku ya tatu anamwita "bwana mgeni".

DOT: Aligonga milango yote, yule mzee. Kwangu alikuja na sanduku la vifaa. Akasema, "Daraja, Dot." Basi. Halafu akakaza bawaba ya mlango wangu akaenda zake.

SHABAHA: Kwangu alitengeneza kiti.

PROFESA: Hapo! Hapo ndipo alipokosea!

SHABAHA: Kiti kibaya?

PROFESA: Kiti kizuri mno! Nimehesabu nyumba alizotengeneza viti: arobaini. Mtu akishatengenezewa kiti anakaa. Akikaa hainuki. Jumanne watu arobaini wamekaa majumbani wanafurahia viti. Mpanda ngazi hushuka!

DOT: Mungu wangu.

SHABAHA: Mimi naona ni vidole. Waliokuwa wanahesabu, ukumbi ulikuwa baridi, vidole vimekufa ganzi. Karatasi mbili zinashikana, wanahesabu moja. Mara tatu tu, kwisha kazi.

MIMI: Na za Stokes wa Tembo hazishikani?

SHABAHA: Za Stokes zilipigwa asubuhi, zikakauka. Za kwetu zilikuja na theluji.

PROFESA: Ulikuwepo ukaona?

SHABAHA: Sikuwepo, nilikuwa msituni tangu Jumatatu. Lakini nimeambiwa. Asiyekuwepo na lake halipo, bwana, ndiyo maana lazima watu wafuatilie mambo yao!

Nilimtazama Shabaha, naye akatazama donati yake. Nikadhani nimesikia vibaya, nikaacha lipite.

DOT: Mnamwonea Everett Stokes pia. Si mtu mbaya. Anauza nyumba, sawa, anacheka sana, sawa. Lakini nilipovunjika nyonga ni mama yake aliyenipeleka hospitali, akanipikia wiki sita. Ahadi ni deni.

PROFESA: Ahadi gani?

DOT: Nasema tu. Ni msemo.

Akafungua haraka karatasi aliyoichukua kwa karani wa mji, ile ya matokeo, akaanza kutusomea kama mwalimu anayetaka darasa linyamaze.

DOT: Stokes, mia sita kumi na moja. Pelkey, mia sita na nane. Halafu majina ya kuandikwa kwa mkono. Mickey, yule panya wa katuni, kura mbili. "Mtu yeyote mwingine," kura moja. Duchess, kura moja.

Chini ya benchi mbwa aliinua kichwa aliposikia jina lake.

PROFESA: Jina la kawaida sana hilo.

DOT: La kawaida wapi?

PROFESA: Ulaya. Tuendelee. Mimi nimeshalichunguza jambo hili na jibu ninalo. Wafu.

SHABAHA: Wafu gani tena?

PROFESA: Wafu wa Tarbell. Si mnajua tangu enzi za babu yangu wafu wa mji huu wanapiga kura? Na ni Punda wote, wafanyakazi wa kiwanda cha sufu. Sasa niambieni, makaburi yako upande gani wa mto?

SHABAHA: Ng'ambo.

PROFESA: Na daraja?

SHABAHA: Limefungwa... Ala!

PROFESA: Wangepitaje? Wazunguke maili ishirini na nne, kwenye theluji, na hali zao zile? Jimbo lilifunga daraja miaka miwili kabla ya uchaguzi. Miaka miwili! Samaki mkunje angali mbichi!

Hata Dot alicheka, na mimi nikacheka nikamwaga kahawa kwenye suruali. Kwa muda ule mfupi tulikuwa kama mwezi wa tisa, kabla mzaha haujapata miguu ukaanza kugonga milango ya watu.

Ndipo alipokuja yule mama mgeni. Kijana bado, koti jipya, gari lake lina namba za jimbo jingine, limejaa maboksi yaliyobanwa. Alisimama mbele yetu akiwa amekumbatia boksi kubwa kuliko yeye.

MGENI: Samahani wazee wangu, hamjambo? Maboksi yanawekwa wapi?

SHABAHA: Kontena la buluu, mama. Karibu Tarbell. Usimwamini mtu anayekupa mkono hapa dampo, utajikuta bungeni.

DOT: Mpe donati mtoto wa watu, acha maneno.

Alikula donati amesimama. Tukamsimulia yote, kila mmoja akimkata mwenzake kauli: mstari mtupu, kura kumi na saba, daraja, Lorraine na supu yake, vidole vyenye ganzi, wafu waliokwama ng'ambo. Alisikiliza vizuri, macho yanatembea kutoka uso hadi uso. Alipomeza tonge la mwisho akapangusa sukari mdomoni.

MGENI: Alishindwa kwa tatu.

PROFESA: Tatu kamili.

MGENI: Na ninyi mko wanne. Ninyi mlimpigia?

Aliuliza kwa wema tu, kama mtu anavyouliza saa. Profesa akainama akaanza kumkuna Duchess nyuma ya masikio, ingawa Duchess hakuomba. Shabaha akatazama mlima. Dot akainamisha chupa juu ya kikombe changu. Yakatoka matone mawili na machicha, lakini akaendelea kuiinamisha.

DOT: Kahawa imekwisha.

Yule mama aliona kuwa amekanyaga mahali, akashukuru kwa donati, akaenda kwenye kontena la buluu.

Sasa niseme langu, maana sikulisema pale. Mimi naitwa Bango kwa sababu Jumanne nilishika bango la Msumari mbele ya ukumbi wa mji tangu saa mbili asubuhi. PELKEY. DARAJA. Theluji ilinijaa kofiani, watu wakanipigia honi, mwandishi wa gazeti akanipiga picha. Kila saa nilijiambia nitaingia nipige yangu, kisha naona gari linakuja, nasema ngoja hawa wapite kwanza. Saa moja jioni karani akafunga mlango nyuma ya mgongo wangu, na bado nilikuwa nimelishika bango. Sijamwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba wenzangu watatu walishapiga, na mmoja akikosekana si kitu. Kumbe kila mmoja alikuwa amejipa moyo huohuo.

Msumari alikuja tunavyomjua, polepole, gari la kijani, sanduku la vifaa mkononi. Dot alikuwa ameshaikunja barua ya kuhesabu upya mara nne, akaisukuma chini ya donati.

MSUMARI: Hamjambo.

Tukajibu kwa pamoja, kwa sauti kubwa mno.

PROFESA: Mzee Pelkey, tulikuwa tunasema... mtu anaweza kuomba zihesabiwe tena.

MSUMARI: Walihesabu sawa. Nilikaa pale mpaka mwisho.

Akasimama akilitazama benchi. Halafu akanigeukia mimi.

MSUMARI: Nilimwonyesha Lorraine picha yako gazetini. Kaibandika ukutani. Jina langu linampotea, lakini wewe anakuulizia kila siku: yule bwana wa theluji hajambo?

Nilitaka kusema. Naapa mdomo ulifunguka. Kilichotoka ni mvuke tu wa baridi.

MSUMARI: Nimwambie nini?

MIMI: Mwambie... namsalimu.

MSUMARI: Haya. Inukeni kidogo.

DOT: Tuinuke kwa nini?

MSUMARI: Huo mguu. Niliwaahidi tangu kiangazi, kampeni ikanila muda. Fanyeni upesi, saa nane theluji inaanza na mimi nina safari ya kuzunguka.

Tukainuka wote wanne. Alilipindua benchi, akalitupa tofali kando, akatoa mguu mpya aliouchonga nyumbani, akaugongomea misumari mitatu. Akaligeuza, akalitikisa kwa mkono, halikucheza. Akachukua sanduku lake akaingia kwenye gari.

Gari lilipopotea kwenye kona ya barabara ndefu, tulikuwa bado tumesimama.