Disko Bila Muziki

Kwanza niliona viatu. Vilikuwa vya kung'aa, soli nene kama tofali, na mama aliyekaa mbele yangu kwenye basi alivipakata kama mtoto. Mzee wa kiti cha pembeni akamuuliza kama ni vyake.

"Vyangu wapi, baba! Vya binti yangu. Wamemchukua acheze kwenye filamu ya vijana wa disko la zamani. Jana nikaenda kuchungulia, nikakuta ukumbi mzima wanarukaruka, muziki hakuna! Nikajua wamerogwa. Nikamtoa mbele ya kamera, nimemshika mkono."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Muziki huzimwa ili maneno ya waigizaji yasikike, mama. Wimbo huwekwa baadaye. Mrudishe leo."

"Niende nikachekwe? Narudisha viatu tu. Yeye abaki nyumbani, hata kama ameninunia."

"Watu wa filamu walizima muziki. Wewe umemzima mtoto."

Mama akamwambia amlee wa kwake. Basi likasimama, akashuka.

Mimi nilimfuata kwa macho dirishani. Nilitaka kumwambia: mrudishe, mama. Hata mimi hucheza bila muziki, nikishafunga mlango, na sijarogwa. Ila mimi hakuna aliyewahi kuniita.