Ikinyamaza, Imekubali

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi, wahitimu wenzangu, na wewe binti yangu uliyejificha safu ya mwisho ili watu wasijue mama yako ni yupi: itifaki naomba iwe imezingatiwa, maana nina tangazo zito. Leo asubuhi, katika maabara ya kompyuta ya chuo hiki, faili moja limebadilishwa jina. Kipanya hakikuguswa. Aliyelibadilisha ni mimi, msusi wa nywele, na hali yangu inaendelea vizuri.

Mnacheka? Ngojeni muwekwe mbele ya ile skrini nyeusi isiyo na picha wala kitu cha kubofya, ila kijimstari kinachopepesa kikisubiri uandike amri! Ninyi vijana mnaoniita Mama Saluni mliizoea upesi. Mimi nilikwama kwenye jambo dogo: nikiandika amri sawasawa, skrini hainijibu kitu. Hata “haya” hainiambii. Sasa niambieni, kwa mtu aliyezeekea saluni, ukimya ni nini? Mteja wangu akijitazama kwenye kioo akanyamaza, ujue nimeshamharibia. Naanza kufumua bila kuambiwa.

Mwalimu wetu, ambaye maneno huyatoa kama dawa, kijiko kimoja kutwa mara tatu, aliniambia, “Mama, ikinyamaza imekubali. Ikikataa ndipo husema.” Nikaitikia kwa kichwa. Vidole havikusikia.

Ikafika siku ya mtihani wa vitendo. Nilishaufeli mara moja. Kuufeli tena kulikuwa ni kuaga chuo. Tulipewa folda iliyojaa picha, tuongeze neno “mahafali” mbele ya jina la kila picha, zote kwa amri moja. Nikaandika, nikabonyeza enta. Kimya. Nikasema, hii imenuna. Nikarudia. Kimya. Nikarudia tena, safari hii nikiibembeleza, “Jamani, mwanangu, nimekukosea nini?”

Jirani yangu akachungulia, akaziba mdomo. “Mama Saluni, umezisuka rasta!”

Nikaamuru nioneshwe majina. Kila picha ilikuwa mahafali-mahafali-mahafali, mkia mrefu kuvuka skrini.

Lakini ndugu zangu, kufumua si ndiyo kazi yangu? Na tena, mnaona maajabu yake? Neno moja, na picha zote zimetii kwa pamoja! Nani kati yenu amewahi kutiiwa hivyo nyumbani kwake? Nikatunga amri yangu mwenyewe, ya kukata neno moja la mbele. Nikaiendesha. Kimya. Nikaiendesha tena. Kimya. Mara ya tatu ingefuta hata lile lililotakiwa, na vidole vyangu vilikuwa vinawasha. Basi nikaikalia mikono yangu, kama mtoto aliyekatazwa biskuti.

Binti yangu anawasimulia watu kwamba Mwalimu alinipigia makofi. Inapendeza, ila lililotokea ni hili. Alikuja, akaandika amri ya kuonesha majina, akayasoma mpaka chini. Akanitazama juu ya miwani. Hakusema neno. Akaenda kwa mwanafunzi mwingine.

Na mimi, bado nimeikalia mikono, nikajua nimefaulu.

Walimu, wenzangu, binti yangu: asanteni kwa kunisikiliza. Naona nanyi mmenyamaza kabisa. Safari hii sirudii.