Karani Aliyeirefusha Ijumaa

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne kwenye dirisha la udahili la chuo chetu cha uuguzi, karani wetu mkuu, ambaye wote tunamwita Mama Daftari, anastaafu tarehe 30 Juni. Kalamu nimepewa mimi, mlinzi wa lango kuu. Wenye shahada wapo, lakini siku zile walikuwa wapi? Shule niliachia darasa la saba. Kumbukumbu sikuiacha huko.

Alianza kazi chuo kikiwa na vyumba vitano na taipureta moja isiyo na herufi K. Kila K aliijazia kwa mkono, mpaka wazazi wakadhani ndiyo alama ya siri ya chuo.

Lakini atakumbukwa kwa ule mwaka wa karanga. Mwuza karanga alikutwa akifungia bidhaa yake kwa karatasi ya mtihani wa kumaliza shule, siku mbili kabla ya mtihani wenyewe. Mitihani ya upande wetu wote ikafutwa, ikarudiwa, kisha matokeo yakakwama kwa wasahihishaji. Wenzao wa kwingine wakaripoti chuoni na masanduku yao. Vijana wetu thelathini na saba, mpwa wangu akiwemo, walikuwa na barua za kukubaliwa lakini matokeo hawana. Daftari la udahili likifungwa, mwaka wao umekwenda na maji.

Kanuni ilisema daftari litafungwa Ijumaa ya mwisho ya udahili, karani atakapofunga ofisi. Aliyeitunga alisahau kuandika saa. Mama Daftari akaisoma, akaweka jiwe mlangoni, na ofisi haikufungwa kwa siku kumi na tisa.

Alikula humo, akalala humo, akipokezana na mpishi wa chuo kukaa kitini. Mumewe alikuja kuuliza kama alioa mke au ofisi. Akapewa rundo la fomu azipange, akawa naye amehamia. Mimi nililinda mlango ule siku zote hizo bila kupepesa jicho. Hata mbu nilimdai kitambulisho.

Mkuu wa chuo alifika siku ya sita, sura imekunjamana, akauliza ofisi hii inafungwa lini.

"Ikiisha siku ya kazi, Mkuu," Mama Daftari alimjibu. "Hii Ijumaa bado tunayo."

Mkuu akaisoma kanuni kwa kusimama, akairudia kwa kukaa, akitafuta saa. Hakuiona. Akaomba chai.

Siku ya kumi na tisa matokeo yakatoka. Thelathini na sita walifaulu, wakaandikishwa kwa tarehe ya Ijumaa ileile. Mmoja alipungukiwa alama moja ya Biolojia: mpwa wangu. Nami nilikwisha kutangaza mtaa mzima, na fundi alikwisha kumpima sare. Nikaingia ofisini, nikamkumbusha Mama Daftari habari za mbu, nikamwomba ile alama moja tu, kitu gani.

"Kaka," alisema, "muda naweza kuuvuta. Alama siwezi."

Nilinuna wiki nzima. Nilikuwa nikimfungulia lango nusu. Kumbe alikwisha kumwita yule binti, akamjazia fomu ya mwaka unaofuata, na kila Jumamosi akamkalisha na mwalimu wa Biolojia kwenye dirisha lake. Binti akarudia mtihani. Alama alizopata, nasikia msahihishaji alivua miwani akaifuta. Ile sare fundi aliikunjua upindo tu, maana binti alikuwa amerefuka.

Mama Daftari, wafanyakazi wenzako tunakushukuru. Kapumzike, ulale mpaka jua likuchoke, na huyo mzee wako asipange fomu tena. Tunakuombea afya isiyoyumba. Siku ikiyumba, usihofu: wauguzi thelathini na saba watagombania kukuhudumia, na mwenye mkono mwepesi kuliko wote, nasema bila kujisifu, ni yule aliyepungukiwa alama moja.